Kabla ya Fimbo, Funua Tandiko

Kwenye barabara inayotoka Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika mashariki mwa Kongo, kupanda Fizi, mihogo husafiri mgongoni mwa akina mama, kapu likishikiliwa na mkanda unaopita kwenye paji la uso. Makaa yamefungwa kwenye baiskeli inayosukumwa. Ndagala wakavu na bidoni za mawese ziko nyuma ya motari. Punda ni wa kutafuta, na farasi hayupo kabisa. Hata hivyo mafuta ya petroli yakipanda bei, au mvua ikikata barabara na pikipiki zikashindwa, hakosekani mtu wa kuuliza: ng'ambo kule Tanzania wana punda, sisi kwa nini hatuna? Ni swali zuri. Ukihesabu shingo zilizochakaa kwa mikanda ya makapu, ni swali lililochelewa.

Haya ninayoandika ni kwa yule atakayelijibu kwa fedha zake, na kwa wachache ambao tayari wana mnyama huyo nyumbani. Kumlisha mtajua, na maji ziwa linayo. Nitasema juu ya kitu ambacho mnunuzi hakifikirii hata kidogo siku ya kununua, nacho ni kile kinachokaa kati ya mgongo na mzigo.

Mtoto wa Lamu, kwenye pwani ya Kenya, hakui bila kumjua punda. Mji ule wa kale una vichochoro ambamo gari halipiti, na mawe, mchanga na saruji vimebebwa na punda vizazi na vizazi. Tangu miaka ya 1980 kuna zahanati ya punda pale, na hufanyika mashindano ya kuwapa zawadi wenye punda waliotunzwa vizuri. Kijana wa Lamu akifunga mzigo vibaya, atapita mbele ya baraza za wazee na mmoja wao atamwita arudi afunge upya. Fizi hatuna wazee hao. Tuna wafugaji hodari wa ng'ombe huko Minembwe na Itombwe, lakini ujuzi wao ni wa maziwa, malisho na magonjwa. Gunia la mihogo juu ya mgongo wa mnyama ni habari nyingine. Kwa hiyo mwenye punda wa kwanza kijijini atajifunza peke yake, na gharama ya masomo italipwa na punda.

Mambo huenda hivi. Wiki za kwanza punda anafanya kazi vizuri, majirani wanakuja kumwona. Baada ya muda anaanza kugeuza kichwa na kutishia kuuma wakati mkanda wa tumboni unakazwa. Mtoto anayemwongoza anasema amekuwa mkali. Kisha anaanza kusimama chini ya mlima, miguu imekita, masikio nyuma. Anapigwa, anakwenda. Siku inayofuata anasimama mapema zaidi. Mwishowe analala chini na mzigo wake, na kijiji kizima kinakubaliana kwamba punda ni mkaidi, kama tulivyoambiwa tangu utotoni. Katika mlolongo wote huo hakuna aliyeondoa tandiko akapitisha kiganja mgongoni polepole, kuanzia mabegani hadi kiunoni.

Mwenye punda ajaribu kufanya hivyo leo. Mara nyingi atakuta mahali penye joto kuliko pengine, au nyama iliyovimba kidogo, au manyoya yaliyovunjika. Akibonyeza hapo kwa kidole gumba, ngozi itatetemeka, mgongo utazama chini au punda atasogea pembeni. Jibu la "ukaidi" ule wote liko pale.

Mama aliyewahi kushusha kapu kutoka Fizi hadi sokoni Baraka hahitaji kuelezwa sana. Anajua jinsi mkanda uliokaa vibaya unavyoanza kwa kuwasha, kisha kuchoma, kisha ganzi, na jinsi mtu anavyoanza kutembea upande upande ili kukwepa mahali pamoja. Kwa punda ni vilevile, isipokuwa yeye hawezi kutua mzigo wala kuusogeza. Chini ya ngozi kuna mishipa midogo sana ya damu. Kitu kigumu kikibana sehemu moja kwa saa nyingi, damu haipiti, na nyama ya pale huanza kufa kutoka ndani. Ndiyo maana kidonda kinaweza kujitokeza siku kadhaa baada ya safari iliyokisababisha, na mwenye punda akaapa kwamba jana hapakuwa na kitu. Jana kilikuwepo, chini ya ngozi.

Punda pia ana tabia inayowapoteza watu: halalamiki mapema. Mbuzi akibanwa atapiga kelele. Punda hunyamaza, hupunguza hatua, huacha kula kidogo, hutazama mbali. Ukimya huo usiuite uvumilivu. Akifikia kiwango cha kuuma na kupiga teke, ameshavumilia kwa muda mrefu.

Kosa la kusoma tabia ya mnyama vibaya lina historia ndefu upande huu wa Afrika. Mwaka 1866 David Livingstone alishuka Mikindani, kusini ya pwani ya Tanzania ya leo, akiwa na ngamia, nyati, baghala na punda. Alitaka kujua ni yupi kati yao angestahimili mbung'o. Lakini waliopewa kazi ya kuwaswaga waliwatwika kupita kiasi, waliwapiga, wakawaachia majeraha. Wanyama walipoanza kufa, jaribio likawa limeharibika: hakuweza tena kutenganisha kazi ya nzi na kazi ya mikono ya watu. Miaka mitano baadaye mwandishi wa habari Stanley alitoka Bagamoyo kuja kumtafuta akiwa na farasi wawili, na wote wawili walikufa mapema safarini. Farasi hakuwahi kuwa mnyama wa misafara ya Ujiji na Manyema, magonjwa yalimkataa. Punda, kwa shida zake, aliendelea kujaribiwa.

Huko ambako farasi wapo na wanatunzwa na madaktari wengi, bado watu wanakosea kwa namna ileile. Mwaka 2018 daktari wa mifugo wa Uingereza, Sue Dyson, na wenzake walichapisha orodha ya tabia 24 za farasi anayepandwa: masikio kurudi nyuma, mkia kupigwapigwa, kichwa kurushwa, mdomo kufunguliwa, hatua kubadilika, kukataa kwenda mbele, na nyinginezo. Farasi anayeonyesha 8 au zaidi ana uwezekano mkubwa wa kuwa na maumivu. Tabia hizo nyingi wapandaji walikuwa wakiziita utundu au uvivu. Orodha hiyo haikutungwa kwa ajili ya punda mwenye gunia, lakini mwelekeo wake unatufaa: mnyama aliyekuwa mwema akabadilika, tafuta kwanza panapouma.

Sasa tuje kwenye tandiko lenyewe.

Uti wa mgongo wa punda haupaswi kubeba chochote. Sheria nyingine zote zinatoka hapa. Mzigo unatakiwa ukae juu ya misuli na mbavu, pande zote mbili, na katikati pabaki mfereji ambamo hewa inapita. Kosa ninaloliona zaidi ya yote, Lamu na bara, Kenya na Tanzania, ni gunia tupu lililokunjwa, likawekwa juu ya mgongo, na mzigo ukafungwa juu yake kwa kamba ya nailoni. Gunia hilo linaonekana kama huruma. Kwa kweli halisaidii chochote, kwa sababu uzito wote bado unashuka moja kwa moja kwenye mfupa, na mikunjo yake inaongeza sehemu za kubana.

Tandiko zuri la mzigo ni mito miwili mirefu, mmoja kila upande, iliyounganishwa kwa mikanda miwili inayopita juu, ikiacha nafasi ya upana wa vidole vinne hivi juu ya uti wa mgongo. Mito hiyo ianze nyuma kidogo ya mfupa wa bega, ili mguu wa mbele uweze kwenda bila kugonga, na iishie kabla ya ubavu wa mwisho, kwa sababu nyuma ya hapo ni kiuno, na kiuno hakina mbavu za kukisaidia. Juu ya mito ndipo pakae fremu ya mbao au shogi, yale makapu mawili yaliyounganishwa yanayoning'inia kila upande.

Cha kujaza kipo tele: nyasi kavu, majani makavu ya migomba, sufi, vitambaa vya zamani. Jaza kwa nguvu na kwa usawa, kwani mto mlegevu utabonyea siku ya kwanza na kuruhusu mbao kufika mgongoni. Upande unaogusa ngozi uwe kitambaa cha pamba au blanketi la zamani. Mfuko wa plastiki uliosukwa, ule wa unga na mchele, haunyonyi jasho na unakwaruza; uacheni kwa kazi yake. Pale Baraka kuna mafundi wa viti vya pikipiki ambao wanajua kushona mto ukakaa sawa kuliko mtu yeyote wa vijijini. Mpelekee fundi vipimo na umweleze kazi ni ya nini. Atacheka, kisha atashona.

Vipimo vinapatikanaje? Chukua waya laini unaokubali kukunjwa, uulaze kwa kukatiza mgongo nyuma ya mabega, uubonyeze ufuate umbo la mwili, kisha uunyanyue bila kuuharibu na uuchore kwenye karatasi ngumu. Rudia katikati ya mgongo, na mara ya tatu karibu na mwisho wa mbavu. Michoro hiyo mitatu haitafanana. Mgongo wa punda mmoja una maumbo matatu, na punda wawili ndio kabisa. Kuazimana matandiko kwa sababu "wote ni punda" ni sawa na kutokuwa na tandiko.

Fremu ya mbao ikishatengenezwa, ipake unga wa makaa upande wa ndani, itandike juu ya kitambaa cheupe kilicholazwa mgongoni bila mito, bonyeza, ondoa. Weusi ukitapakaa sawasawa, fundi amefaulu. Ukijikusanya sehemu mbili tatu, hizo ndizo zitakazotoboa ngozi. Zipunguze kwa msasa au patasi. Baadaye, kila safari itakupa kipimo kingine bila gharama. Ondoa tandiko wakati mgongo bado una jasho na utazame. Unataka jasho lililoenea pande zote mbili kwa usawa, na mstari mkavu katikati juu ya uti. Ukiona kipande kikavu pembeni, kimezungukwa na majimaji, usifurahi kwamba hapo hapakuchoka. Pamebanwa hadi jasho likashindwa kutoka.

Mkanda wa tumboni nao ni nusu ya tandiko. Uwe mpana, wa kitambaa au ngozi laini, upite upana wa kiganja nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele, na vidole viwili viweze kuingia chini yake. Vipande vya mpira wa ndani wa tairi, ambavyo hapa kwetu hufunga kila kitu kutoka kuku hadi godoro, ni vizuri kwa kushikilia mzigo juu ya tandiko. Visiguse ngozi. Mpira huvutika, hubana, hung'oa manyoya, na ukilowa unakata.

Barabara yetu ina jambo ambalo tandiko la Lamu halilijui, nalo ni mteremko. Ziwa liko kwenye mita 773 juu ya usawa wa bahari, na ukiacha ukanda wa pwani kila njia ni ya kupanda au kushuka. Punda hana nundu ya mabega kama ya farasi ya kuzuia tandiko. Mgongo wake ni tambarare. Akipanda, mzigo unateleza nyuma kwenye kiuno. Akishuka, unamfuata hadi shingoni na kugonga mabega kila hatua. Watu wengi hujibu kwa kukaza mkanda wa tumboni mpaka mnyama hapumui. Dawa ni mikanda mingine miwili: mmoja mpana kifuani, usiopanda kooni, na mwingine unaozunguka nyuma ya mapaja chini ya mkia, wa kitambaa kilichokunjwa. Punda anayekataa kushuka tu, huku kupanda anapanda, chunguza kwanza mkanda huo wa nyuma na mabega. Mara nyingi utamaliza kesi hapo hapo.

Na uzito? Punda wetu wa Afrika Mashariki mara nyingi ana kilo 120 hadi 180. Theluthi moja ya uzito wake ni kiasi cha haki kwa mnyama mzima mwenye afya, maana yake kilo 40 hadi 60, tandiko likiwemo. Bidoni mbili za lita 20 zimeshafika 40. Gunia la mihogo lililoshindiliwa kwa mtindo wetu, lile linalofungwa na kofia ya nyasi juu, huvuka kilo 100 kwa urahisi, na hilo hakuna tandiko duniani litakalolirekebisha. Gawa. Pima pande zote mbili kwa mzani wa sokoni, kwa sababu tofauti ya kilo tano inavuta tandiko upande mmoja safari nzima na kufanya kidonda upande wa pili, jambo linaloshangaza wengi. Mihogo iliyotoka kulowekwa ina maji. Iache ichuje kwanza. Mzigo wa chini na mpana ni bora kuliko mrefu unaoyumba. Punda awe wa mwisho kutwikwa na wa kwanza kutuliwa. Kama mnasimama kwa chai na maneno, yeye asisimame na gunia. Mnyama chini ya miaka minne mifupa yake haijakomaa. Asipewe mzigo wa maana.

Hata tandiko lililokuwa sahihi hubadilika. Kiangazi majani yakipungua, punda hukonda, misuli ya mgongo inashuka, na mito iliyokaa vizuri mwezi wa tano inaanza kugusa mfupa mwezi wa nane. Masika, mito inalowa kwenye vivuko, inakauka ikiwa migumu kama ubao, na mchanga wa ufukweni unajificha ndani ya kitambaa. Ipigepige, ianike, ifumue na kuijaza upya. Kabla ya kutandika, piga brashi au futa mgongo kwa mkono. Chembe moja ya changarawe chini ya kilo hamsini ni msumari.

Kidonda kikishatokea, kazi ya mgongoni inasimama hadi kipone. Ninajua sentensi hiyo ni nzito kwa mtu anayetegemea mnyama mmoja. Lakini kutoboa tundu kwenye mto mahali penye kidonda ili aendelee na kazi, kama wengi wanavyofanya, huhamishia uzito kwenye kingo za tundu, na baada ya wiki mbili una kidonda kikubwa zaidi chenye umbo la pete. Osha kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita. Zuia nzi. Usipake asidi ya betri, oili chafu wala dawa ya kuua wadudu ya shambani. Hivyo vyote nimesikia vikisifiwa, na vyote huchoma nyama nzima. Kikiwa kirefu, kinanuka au kinatoa usaha, mwite daktari wa mifugo.

Tandiko halilaumiwi kwa kila kitu, bila shaka. Punda anayekataa kazi anaweza kuwa na kwato zilizorefuka na kupasuka, jino baya, mimba (yake huchukua takriban mwaka mzima), au homa ya kuumwa na mbung'o. Njia rahisi ya kutenganisha ni kumtembeza njia ileile bila kitu mgongoni, kisha na tandiko tupu, kisha na mzigo mdogo. Tabia mbaya ikianza kwenye hatua ya pili, unajua pa kutazama. Ikianza hata akiwa mtupu, tafuta kwingine.

Ukienda kununua, mwombe muuzaji aondoe chochote kilicho mgongoni. Madoa ya manyoya meupe juu ya mgongo au mbavuni, ambayo hayako kwenye rangi yake ya kuzaliwa, ni kumbukumbu za vidonda vya zamani: ngozi ilipona, rangi ya nywele haikurudi. Madoa hayo pekee si sababu ya kumwacha. Yanakuambia amefungwa vibaya miaka iliyopita, na kwamba huenda atakuogopa ukimkaribia na kamba. Soko la ngozi za punda lilipandisha bei ya mnyama huyu Afrika Mashariki hadi serikali zikaingilia kati, na Umoja wa Afrika ukalipiga marufuku mwezi wa Februari 2024. Mnyama atakayevushwa ziwa hatakuwa wa bei ya kuchezea.

Punda aliyeumizwa hasahau pale mgongo unapopona. Utamwona anakunja ngozi kabla tandiko jipya halijamgusa. Hapo watu hukata tamaa na kusema, tumebadilisha kila kitu na bado ni mkaidi. Anza upya kama na mtoto wa punda. Siku za kwanza mwonyeshe mto mmoja, aunuse, umpe maganda ya ndizi au majani ya viazi vitamu, uuondoe. Kisha uuweke mgongoni bila mkanda. Kisha mkanda ulegee. Mzigo mwepesi uje baadaye kabisa, kwenye njia tambarare ya ufukweni kabla ya mlima. Mtu awe mmoja, sauti iwe moja, na fimbo ibaki nyumbani, kwa sababu pigo moja wakati wa kutandika litarudisha yote nyuma.

Jambo la mwisho ni majirani, maana mwenye punda mmoja kijijini ataombwa kila siku. Ukimwazima mtu, mpe na tandiko lake, usikubali afunge lake la magunia. Mkubaliane idadi ya kilo mbele ya mzani, siyo idadi ya magunia. Na jioni akimrudisha, asifungue kamba wewe ukiwa ndani unakula: toka nje, ondoeni tandiko pamoja, mpitishe viganja mgongoni wote wawili, kila mmoja upande wake.